Foleni kwenye Ngome ya Cyril Thurkettle

Cyril Thurkettle aliendesha lori la viazi sukari kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali gumu. Unapakia shambani, unashusha kwenye kiwanda cha sukari, unarudi. Alipostaafu akiwa na miaka sitini, yeye na mkewe Beryl wakanunua nyumba ya mwisho kwenye njia ya pwani hapa Thornhithe, mashariki mwa Uingereza, na alitarajia uzee wa namna hiyohiyo. Mimi wakati huo nilikuwa naendesha posta ya kijiji, kwa hiyo barua zake zote zilipita mikononi mwangu. Yale ambayo sikuyaona kwa macho yangu, Beryl alinisimulia akinunua stempu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kilichomvutia Cyril kilikuwa bustanini: ngome ya zege iliyojengwa mwaka 1940, wakati pwani yote hii ilipokuwa inawangoja Wajerumani watokee baharini. Ni chumba kimoja cha pembe sita, chenye kuta nene kuliko urefu wa mkono na vitundu vyembamba vya kutolea mitutu ya bunduki. Wajerumani hawakuja. Ngome ikabaki pale ikinuka mwani na mikojo ya walevi, na mwenye nyumba wa zamani alikuwa akifuga sungura humo. Cyril aliitazama akaona ghala. Alimwambia Beryl kwamba mkoa wote wa Suffolk huwezi kupata banda la viazi na baiskeli lenye kuta kama zile. Beryl alisema yeye anaona kaburi lenye madirisha, lakini jiko la nyumba linapata jua asubuhi, basi yaishe.

Mwaka wa pili akaja Bi Rosalind Pask, afisa wa majengo ya kale wa halmashauri ya wilaya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, anayevua viatu mlangoni hata ukimwambia asivue. Mkobani alikuwa na picha iliyotiwa rangi kwa mkono, iliyopatikana katika albamu ya askari mmoja aliyefariki. Ilikuwa picha ya ngome ileile, mwaka 1940, ila haikuwa ya kijivu. Ilikuwa imepakwa mistari myekundu na myeupe, ina kaunta ya mbao mbele, na juu yake ubao mkubwa: AISKRIMU ZA GARNHAM. Kwenye ukuta unaotazama bahari alichorwa msichana mwenye kofia nyeupe na aproni, anatabasamu, ananyoosha koni. Kitundu kimoja cha bunduki kilifichwa chini ya kiwiko chake. Jeshi lilitaka Mjerumani akitazama kwa darubini aone kibanda cha aiskrimu na si kitu kingine.

Cyril aliuliza kama walidanganyika.

"Hawakuja," Bi Pask alimjibu. "Kwa hiyo hatujui."

Baada ya miezi mitatu nikampelekea Cyril barua ya kurasa nne. Ngome ilikuwa imewekwa chini ya ulinzi wa sheria, yenyewe pamoja na sura yake ya kujificha. Ilikatazwa kuibomoa, kuitoboa, kuiongezea au kuipunguzia kitu. Viazi ilibidi vitoke, kwa sababu unyevu wake ungeweza kuathiri zege. Cyril aliisoma sentensi hiyo mara mbili mbele yangu, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba zege lile lilijengwa ili lipigwe mizinga. Nikamwambia ndivyo tulivyoelezwa. Ukurasa wa mwisho ulimtaka mwenye mali airudishie ngome rangi zake za awali, pamoja na ubao na kaunta. Rangi ingetolewa na halmashauri.

Cyril hakuwa mtu wa kubishana na barua. Masika ile alipaka. Mistari ilimtoka vizuri kwa sababu ni mvumilivu, lakini yule msichana alimtesa wiki tatu nzima. Beryl alisimama nyuma yake ameshika picha, akimwambia sikio lishushe, mkono upunguze, anaonekana anataka kumpiga mtu. Pua ndiyo iliyowashinda. Katika picha pua ilikuwa doa tu. Mwishowe Cyril alimpa msichana pua ya dada yake mwenyewe, ambayo ilikuwa pua pekee anayoikumbuka vizuri.

Ijumaa alimaliza. Jumamosi jua likawaka, na saa tano asubuhi palikuwa na foleni ya watu kumi na wanne bustanini kwake.

Alitoka na kikombe chake cha chai akawaeleza kwa upole kwamba hapa hakuna aiskrimu. Mwanamke wa mbele akatazama ubao, akamtazama Cyril, akauliza kama imekwisha au hawajafungua. Cyril akasema haijawahi kuwapo, hii ni ngome ya vita. Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akauliza kama kuna ladha ya stroberi. Ilichukua dakika arobaini kuwatawanya, na wakati anawatawanya wengine walikuwa wanaingia kwa nyuma, kwa sababu hakuna kitu kinachomvuta Mwingereza kama foleni asiyoijua.

Ikawa hivyo kila siku ya jua. Juni nzima, Julai, Agosti. Cyril akabandika kikaratasi: HILI SI DUKA. NI NGOME. HAKUNA AISKRIMU. Bi Pask alikuja mwenyewe kukitoa. Alisema anaelewa kabisa, na kwamba hata yeye usiku huo angelala vibaya kwa kumhurumia, lakini kikaratasi kile kinaharibu mwonekano wa kihistoria.

"Sura hii kazi yake ni kuficha kwamba ni ngome, Bwana Thurkettle," alisema. "Sasa wewe umeandika kwamba ni ngome."

"Nimfiche nani, mama? Vita vimekwisha."

"Sheria haijaandika umfiche nani. Imeandika sura idumu."

Hayo yangevumilika. Lakini halmashauri ina idara nyingi, na idara ya utalii ilisikia habari ya ngome, ikafurahi, ikasimika kibao cha kahawia kwenye barabara kuu chenye mshale na maneno NGOME YA KIHISTORIA. Kuanzia hapo wageni wakawa wa aina mbili. Waliokuja kwa ajili ya aiskrimu walikuta ngome, na waliokuja kwa ajili ya ngome walikuta aiskrimu. Hawa wa pili ndio waliomchosha zaidi, maana walikuwa wasomi, wana ramani na kamera, na walizunguka bustani yote wakikanyaga vitunguu vyake.

"Samahani bwana, ngome iko wapi?" mmoja wao alimuuliza.

"Umeiegemea," Cyril akasema.

Yule mtu aligeuka, akamtazama msichana mwenye koni, akasema hapana, anatafuta ngome ya zege, halafu akauliza bei ya vanila.

Cyril alianza kubadilika. Beryl aliniambia kwamba ukimuuliza kama anataka chai anajibu "Hakuna," kabla hata hujamaliza kuuliza. Mchungaji alipokuja kumsalimia, Cyril alimfungulia mlango kwa neno hilohilo. Walijaribu kuuza nyumba. Wanunuzi waliipenda, hasa lile jiko, mpaka wafike siku ya jua wakute watu ishirini bustanini wamenuna.

Basi Cyril akafanya jambo la busara. Aliomba kibali cha kuuza aiskrimu. Kama watu wanataka aiskrimu, ubao unasema aiskrimu, na kaunta ipo, wacha wapewe aiskrimu. Alijaza fomu yeye mwenyewe kwa herufi kubwa, akaniletea niipige muhuri, na nilimwona ana furaha kama mtu aliyekwisha kutatua jambo.

Jibu lilikuja baada ya wiki kumi, nalo lilikuwa hapana. Bi Pask aliandika sababu mbili. Ya kwanza, kugeuza ngome ya kijeshi kuwa duka ni kubadili matumizi ya jengo linalolindwa. Ya pili aliieleza kwa aya nzima: thamani ya jengo iko katika kwamba linaonekana kuwa kibanda cha aiskrimu ilhali silo. Likianza kuuza aiskrimu litakuwa kibanda cha aiskrimu kweli, na hapo halitakuwa limejificha tena. Kitu kilicholindwa kitakuwa kimetoweka, ingawa zege lenyewe halijaguswa.

Cyril aliisoma pale pale kwenye kaunta ya posta. Akaikunja. Akasema, bila hasira, kwamba ukiisoma polepole huyu mama ana hoja.

Miaka miwili mingine ikapita hivyo.

Septemba ya mwaka 1995, siku ya mvua ambayo hata kichaa asingetaka aiskrimu, Cyril alimwona dirishani mwanamke mzee mwenye koti la kijani na fimbo amesimama mbele ya ukuta unaotazama bahari. Alisimama pale nusu saa. Cyril alichukua mwavuli akatoka.

"Hakuna aiskrimu, mama," alisema.

"Najua hakuna. Haikuwahi kuwapo hata siku moja." Yule mwanamke hakugeuka. "Hii pua si yangu."

Jina lake lilikuwa Thirza Garnham, au ndivyo alivyokuwa kabla ya kuolewa na mwoka mikate wa Norwich, ambaye sasa alikuwa marehemu. Beryl alimwingiza jikoni, akamvua koti, akampa supu ya njegere na mkate, na mama yule akawasimulia jambo ambalo Bi Pask, na vitabu vyake vyote, hakulijua.

Mama yake Thirza alikuwa na kibanda cha aiskrimu pale pale, cha mbao, tangu mwaka 1931. Juni 1940 jeshi lilikuja, likakivunja asubuhi, likaanza kumwaga zege mchana. Wajerumani walikuwa wameshapiga picha za pwani kwa ndege, wakajua pale pana kibanda chenye mistari, kwa hiyo ngome ilipokauka jeshi lilileta askari mmoja mchoraji airudishe sura. Aliitwa Len Aldous. Thirza alikuwa na miaka kumi na saba. Alisimama mbele yake siku nane ameshika koni mkononi ili amchore.

Lakini meja wa kikosi hakuridhika. Alisema kibanda bila mteja kitamtia adui shaka. Ufuo wenyewe ulikuwa umetegwa mabomu na kuzungushiwa seng'enge kila upande, hapakuwa na mtu wa kununua hata pipi, lakini amri ni amri. Kila siku ya hewa nzuri, kuanzia saa nne hadi saa kumi, Thirza alivaa kofia nyeupe akasimama kwenye kaunta, na askari sita waliovuliwa magwanda na kuvikwa kaptula walipanga foleni mbele yake. Fundi wa jeshi alichonga koni za mbao. Thirza alichota hewa, akaipaka kwenye koni, akampa mteja. Mteja alilamba mbao akitembea kuelekea kwenye seng'enge, akazunguka nyuma ya ngome, akarudi mwisho wa foleni. Ndani ya ngome, nyuma ya mgongo wake, wenzao wanne walikaa na bunduki, na siku za joto walimpigia kelele awapitishie na wao.

Wiki kumi na nne alifanya kazi ile.

Len Aldous kila alipofika mbele aliomba ladha mpya. Ladha ya mvua. Ladha ya Jumanne. Ladha ya barua kutoka nyumbani. Thirza alimjibu kwamba hiyo imekwisha, ajaribu kesho. Kesho yake alijaribu. Novemba kikosi kilihamishwa usiku mmoja, na Thirza hakuambiwa kitu. Alipata barua moja ya Len kutoka Afrika Kaskazini, kisha kimya.

Beryl, ambaye alikuwa ameshaacha kuosha vyombo, aliuliza kwa sauti ndogo kama Len aliuawa.

"Alirudi mzima," Thirza alisema. "Akawa daktari wa meno kule Leeds. Daktari wa meno, mwanangu. Baada ya aiskrimu yote ile."

 Cyril akauliza pua ilikuwaje. Thirza akageuza uso upande, akamwambia atazame mwenyewe. Mvua ilipokatika walitoka wote watatu, Cyril na brashi, Thirza ameketi kwenye kiti cha jikoni kwenye majani yenye maji, na pua ya dada yake Cyril ikaondoka ukutani. Kisheria alipaswa kuomba kibali. Hakuomba.

Kabla ya kuondoka Thirza alifungua mkoba akatoa karatasi mbili za mama yake. Moja ilikuwa leseni ya kuuza aiskrimu mahali pale, isiyo na tarehe ya kwisha. Ya pili ilikuwa barua ya jeshi: leseni ile inasimamishwa mpaka hatari ya kuvamiwa itakapokwisha. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba imekwisha. Mama yake alingoja mpaka akafa.

Cyril, mtu aliyekuwa hawezi kubishana na barua, safari hii alikuwa na barua upande wake.

Shauri lilisikilizwa kwenye ukumbi wa kijiji, mbele ya madiwani saba chini ya mwenyekiti Ivor Catchpole, mfuga kuku. Nilikuwapo. Leseni ilisomwa, barua ya jeshi ikasomwa, na mwanasheria wa halmashauri akasema kwa uchovu kwamba karatasi ni halali. Kama hatari ya kuvamiwa imekwisha, leseni ya mwaka 1931 imeamka, nayo ni ya zamani kuliko ulinzi wa ngome. Kilichobaki ni madiwani kuamua kama hatari imekwisha.

Ungedhani jambo hilo lingechukua dakika moja. Lilichukua saa mbili na nusu. Diwani mmoja alisema Wajerumani wanakuja kila kiangazi na mahema yao kwenye uwanja wa chini, wanalipa mapema na kufagia wakiondoka. Mwingine, aliyekaa kambi ya mateka miaka mitatu, alisema yeye binafsi hatii saini karatasi ya namna hiyo. Wa tatu aliuliza kwa nini tunazungumzia Wajerumani tu, barua haikutaja taifa.  Watu walitazama dirishani kuelekea baharini, na mimi nikatazama pia, nakiri. Catchpole alisema hawezi kwenda nyumbani akamwambia mkewe kwamba ametangaza pwani iko salama halafu likatokea la kutokea. Wakapiga kura waiulize wizara ya ulinzi kule London.

Wizara ilijibu baada ya miezi kumi na moja. Barua ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema wizara inathamini swali, na kwamba haiwezi kutoa hakikisho la kudumu kuhusu sehemu yoyote ya pwani.

Kwa hiyo hatari haikuwa imekwisha, na leseni ikabaki imelala. Madiwani walikutana tena ukumbini kuisoma barua hiyo, na walikuwa wanakusanya makaratasi yao Thirza aliposimama. Hakuomba ruhusa ya kusema.

"Basi na mimi bado niko kazini," alisema. "Nilipewa amri nisimame pale mpaka niambiwe basi. Hakuna aliyeniambia basi. Walihama tu. Kama hatari ipo, nyinyi ndio mnaonizuia kufanya kazi ya jeshi."

Hakuna aliyecheka. Catchpole alimtazama mwanasheria, mwanasheria akamtazama Bi Pask, na Bi Pask alikuwa anaandika kwa kasi. Aliomba wiki tatu. Alizitumia kwenye chumba cha chini cha nyaraka za jeshi, na siku aliyotoka alinipigia simu posta kwa sababu Cyril alikuwa bustanini hasikii.  Alikuwa ameipata amri yenyewe, imeandikwa kwa mkono wa meja: msichana mmoja, wateja sita, saa nne hadi saa kumi, na mstari chini ya maneno "vitendo vyote vya kuuza."

Bi Pask aliandika uamuzi ambao hadi leo nafikiri ni kazi nzuri kuliko zote alizofanya. Sura ya kujificha, alisema, haikuwa rangi peke yake. Ilikuwa rangi pamoja na vitendo. Kwa hiyo vitendo navyo vinalindwa, na vinaruhusiwa. Cyril Thurkettle na Thirza Garnham waliruhusiwa kutouza aiskrimu pale, kila siku ya hewa nzuri, kwa koni za mbao, bila kupokea pesa. Kama aiskrimu yoyote ya kweli ingeonekana, kibali kingefutwa.

Cyril alichonga koni ishirini na nne mwenyewe. Afisa wa afya alikuja, akakagua, akaandika kwamba hakuna chakula cha aina yoyote, kisha akaagiza liwekwe sinki la kunawia mikono. Bi Pask akakataa ukuta kutobolewa. Wakakubaliana ndoo.

Jumamosi ya kwanza ya Juni 1997, Thirza akiwa na miaka sabini na minne, alivaa kofia nyeupe akasimama nyuma ya kaunta. Gazeti la wilaya lilikuwa limeandika, na foleni ilifika mpaka kanisani. Cyril alipita kando ya watu akiwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba aiskrimu hakuna, ili kuwa mkweli, nao wakamwambia wanajua, asiwapotezee nafasi. Mteja wa kwanza alikuwa Mjerumani kutoka kwenye mahema, bwana mrefu wa Bremen aliyeitwa Detlef Harms, amevaa kaptula na kofia ya jua. Alikuwa ameamka mapema kuliko wenyeji. Aliomba ladha ya cheri.

Thirza alimtazama muda mrefu.

"Mmechelewa," akamwambia. "Tuliwangoja sana."

Bwana Harms akaomba radhi kwa dhati kabisa, kwa niaba ya wote. Thirza akachota, akapaka, akampa. Bwana yule aliilamba koni mpaka kwenye ukingo wa ufuo, na wote waliokuwa kwenye foleni walimtazama.

Jambo ambalo hakuna idara iliyotabiri ni kwamba watu waliridhika. Wale waliokuwa wakimtukana Cyril miaka sita kwa kukosa aiskrimu, sasa walikosa aiskrimu ileile na wakaondoka wanacheka. Mwenye gari la aiskrimu anayeegesha kwenye uwanja wa chini aliandika malalamiko kwamba biashara yake imeshuka, kwa kuwa wateja wanamfikia wakiwa wameshashiba. Bi Pask alijibu kwamba halmashauri haina mamlaka juu ya hilo. Cyril alinenepa kidogo. Neno "hakuna" lilimwacha pole pole, kama homa. Nilimwona siku moja anamsikiliza mzee mmoja akieleza kwa kirefu anachotaka, ladha ya bustani ya shule yake, na Cyril ameinamisha kichwa anatikisa kwa makini, kisha akampelekea Thirza oda.

Thirza alisimama pale viangazi vinne. Kiangazi cha mwisho alikuwa anakaa kwenye kiti kirefu. Wateja wakiisha alizungumza na mchoro wake ukutani kana kwamba ni mdogo wake mvivu, anamwambia asimame wima. Alifariki Februari, Norwich, kitandani. Kanisani Cyril na Beryl walikaa mbele pamoja na familia. Hapakuwa na mtu wa Leeds.

Aprili nilimpelekea Cyril barua ya halmashauri. Ilimpa pole, kisha ikamkumbusha kwamba amri ya mwaka 1940 inataka msichana mmoja, na nafasi hiyo iko wazi. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali na anazijua kazi, halmashauri inamteua, kuanzia Juni, kuwa msichana. Cheti kilikuwa ndani. Cyril Arthur Thurkettle, umri wa miaka sabini na mitatu, msichana wa kibanda. Alikaa nacho kwenye benchi la posta kwa muda. Akaniuliza kama nadhani Thirza angecheka. Nikamwambia angekagua kwanza kofia.

Siku ya kwanza kofia ilimbana, na aproni ilikuwa fupi. Watu walikuwa wengi kiasi. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, na aliyekuwa mbele yangu, ndipo nikagundua, alikuwa Beryl. Miaka yote ile alikuwa akifunga pazia la jiko saa nne kamili na kulifungua saa kumi. Hakuwahi kushika koni hata moja isipokuwa kuziosha. Sasa alikuwa amevaa gauni la kanisani, na amebeba mkoba.

Alipofika mbele, Cyril alimtazama kana kwamba amekamatwa anaiba.

"Unataka ladha gani, mama?" alisema mwishowe.

Beryl alifikiria. Alifikiria muda mrefu kiasi kwamba nyuma walianza kusogezasogeza miguu. Halafu akainama, akamwambia sikioni, na sikusikia. Cyril aliweka koni chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta kwa aproni, ndipo akachota. Alichota mara mbili. Beryl aliipokea, akaenda kuketi juu ya ukuta wa bustani anatazama bahari, na aliila yote, taratibu, akiufuta mdomo kwa leso. Cyril akaendelea kutuhudumia sisi wengine huku amegeuza shingo upande ule.